Kidari Kilichorudishwa

Wanakijiji walipomchagua Debora Nyangi kuingia kamati ya maliasili, walisema wanamchagua kwa hekima yake. Uongo mtupu. Walimchagua kwa sababu anajua kunyamaza, na kamati ile ilikuwa na wasemaji wa kutosha na kubaki.

Kijiji chenyewe kiko upande wa Mugeta, wilayani Bunda, pale mashamba ya pamba yanapoishia na pori la akiba kuanza. Debora hufuata samaki, dagaa na furu, ziwani Mugango, akaenda kuuza mnadani Butiama. Ukimkuta barabarani na ndoo zake, anataniana na kila mtu, huwezi kujua kwamba kuna kitu kinamnyima usingizi. Kipo, na kina jina. Ni Evance, mdogo wake wa mwisho.

Evance ni mwindaji, tena wa leseni. Msimu ukifunguliwa hupata kibali cha nyati mmoja katika fungu la wenyeji, akaingia porini na gobore lake, askari wa wanyamapori akiwa nyuma yake, na nyama ikaliwa na ukoo mzima. Baba yao hakuwahi kukiona kibali maisha yake yote. Yeye alitega nyaya za kunasa wanyama. Alikamatwa, akafungwa Musoma, akarudi na kifua kibovu, na mwaka haukuisha wakamzika. Ndiyo maana Debora kila akikiona kile kibali cha Evance humshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakasikia.

Mwaka huu kampuni inayoleta wawindaji wa kigeni iliomba nyati wote kumi wa mgawo wa kijiji wawe wa wageni. Mgeni mmoja, walisema, kwa nyati mmoja tu anaezeka zahanati. Mwenyeji anaezeka nini? Hoja haikuwa ya kipuuzi, na Debora alilijua hilo. Zahanati ile anaijua vizuri, alijifungua ndani yake huku mvua ikimnyeshea usoni. Lakini Evance naye anamjua. Akinyimwa kibali hataacha kuwinda. Atafanya alivyofanya baba.

Siku moja kabla ya kura, mjumbe mwenzake, mzee Luhende, alimsimamisha dukani mbele za watu.

"Debora, wewe kesho utapigaje kura? Si una kidari cha nyati kinaning'inia jikoni kwako? Mnakulaga nyama halafu mnatuamulia!"

Watu wakaangua kicheko. Debora naye akacheka, ila aibu ilimfuata mpaka nyumbani.

Kile kidari kilikuwa cha desturi. Katika ukoo wao, mwindaji humpa dada yake mkubwa kidari cha mnyama wa mwisho wa msimu. Dada hukitundika juu ya meko kikauke kwa moshi, na siku ndugu yake anapotoka kuwinda msimu mpya, hukipika na kukila. Maadamu kinaning'inia, bunduki ya ndugu ina baraka; dada akikirudisha, amemkatia. Debora aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini alasiri ile kichwani mwake kulikuwa na mdomo wa Luhende tu. Akakitungua kidari, akakifunga kwenye gazeti, akakipeleka kwa Evance. Evance hakuwepo.

"Mpe mumeo," alimwambia Stellah, mke wa Evance, "na asiniulize kitu." Akaondoka mbio kama mwizi.

Kesho yake kwenye kamati Debora alisimama, na watu wakashangaa kumsikia.

"Zahanati naitaka kuliko nyinyi wanaume. Lakini mkimnyima mwenyeji kibali, si kwamba hataingia porini. Ataingia bila kibali. Wageni wachukue sita, sisi watuachie wanne."

Mikono ilipanda taratibu, mmoja mmoja, na Debora akaihesabu. Mkono uliompa ushindi ulikuwa wa Luhende. Debora hakungoja hata chai. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake kumpa habari.

Alimkuta Stellah peke yake mlangoni.

"Wifi, hujakutana naye? Alipokiona kile kidari akasema, dada kanikatia. Gobore ameliacha ndani. Amechukua baiskeli na lile gunia la nyaya za mzee."

Debora akaelewa. Gobore linahitaji baraka ya dada. Nyaya hazihitaji mtu. Akaingia jikoni, akakinyakua kidari na gazeti lake, akaikimbilia njia ya porini.

Alimfikia kwenye korongo, mahali inapobidi kila mtu ashuke baiskeli.

"Rudi nyumbani, dada," Evance alisema bila kugeuka. "Umeshanirudishia."

Debora hakuwa na pumzi ya kujieleza. Alikifungua kidari akakiuma. Kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu, masizi matupu. Akatafuna, machozi yakimtoka.

"Dada, hicho hakijapikwa."

"Unaniona nakula? Nakula!"

Huku akitafuna akamweleza yote: Luhende, kicheko cha dukani, aibu yake, kura, nyati wanne.

"Wanne, kijiji kizima?"

"Wanne. Majina yatachezeshwa bahati nasibu Jumatatu."

"Na jina langu lisipotoka?"

Debora akameza. Kumdanganya hakutaka. "Nipe hizo nyaya, nikazitupe chooni kwangu."

Evance akalifungua gunia kutoka kwenye baiskeli, akampa. Debora akajitwika, wakaanza kurudi.

Hawakufika mbali, wakasikia gari la askari wa wanyamapori likija mbele yao, bado liko nyuma ya kona. Debora akajiona alivyo: mjumbe wa kamati ya maliasili, masizi mdomoni, gunia la nyaya kichwani.

"Lete nibebe mimi," Evance akasema, mikono tayari imenyooshwa.

"Wewe tembea nyuma yangu," Debora akamjibu, akalishika gunia kwa mikono miwili.