Somo Aliyekuwa Malolo

Harufu ya udongo mbichi wa kukandikia nyumba bado hainitoki puani. Mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Masanze, kuta zote zilikuwa hazijakauka, na usiku tulilala tukinuka tope na moshi. Watu hupenda kuzisimulia zama zile kwa nyimbo za shamba la pamoja, na kweli tuliimba, sikatai. Lakini mimi nikikikumbuka kijiji kile namkumbuka dada yangu Mwanaidi, aliyekuwa darasa la sita, na hasira hunipanda hadi leo, bibi mzima mwenye wajukuu.

Kwa desturi yetu mama hamfundi binti yake. Msichana akivunja ungo hukabidhiwa kwa somo, mwanamke mwingine wa ukoo, naye humweka ndani na kumweleza mambo ya mwili na ya wanaume. Mama mzazi kuyatamka mbele ya mwanawe ilikuwa aibu, hata mkosi. Somo wa dada alikuwa shangazi yetu, na katika kuhamahama kule shangazi aliangukia Malolo, mbali na sisi. Basi dada alipovunja ungo, mama alimpa kitambaa tu, akageuza uso. “Mama, naumwa nini?” dada aliuliza. “Huumwi. Shangazi yako akija baada ya mavuno atakwambia.” Nilikuwa nachambua mboga palepale, nikamwona dada anakikunja kitambaa kile na kukikunjua. Shuleni nako tulijifunza siasa, kilimo na miguu ya panzi. Mwili wa mtoto wa kike hakuna mwalimu aliyeugusia. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi tulimwacha dada katikati, bila mama na bila somo, na ulimwengu ukamkuta hapo.

Ulimwengu wenyewe alikuwa bwana shamba, mgeni wa serikali aliyepewa nyumba karibu na ghala la pamba. Mtu mpole, tena baba alimpenda. Kwa kuwa hakuja na mke, mabinti walitumwa kumpelekea maji, na dada akawa anatumwa kuliko wote. Tulilelewa kumpigia mkubwa goti na kumtii. Kumkatalia mkubwa hatukufundishwa. Masika yalipokolea dada akaanza kutapika asubuhi. Mwenyewe alidhani ni malaria, maskini, akawa anameza klorokwini.

Shangazi alifika mavuno yamekwisha, na kikapu chenye kaniki na shanga za mwali. Dada alipopiga goti kumwamkia, shangazi alimtazama tumbo, akakaa chini bila kuitikia. “Wifi,” akamwambia mama, “ulikuwa unangoja nini?” Mama akajibu taratibu, “Nilikuwa nakungoja wewe.” Sijasikia tena kilio kama walicholia wanawake wale wawili, wameshikana mabega. Shule ikamfukuza dada. Alimtaja mtu aliyemharibu, wazee wakakaa, wakasema bwana shamba ni mtu wa serikali na kijiji bado kichanga, yaishe. Mimi niliendelea kumpa shikamoo yake kila nilipomkuta njiani, naye akiitikia marahaba mwanangu, kwa sauti nzuri tu.

Dada alifariki akijifungua, vuli ilipoanza, wakiwa wamembeba kwenye kitanda cha kamba kumpeleka Kilosa na mto umejaa hawana pa kuvukia. Mtoto naye hakuishi. Mama aliishi miaka mingi baadaye bila kulitamka jina la Mwanaidi mbele yangu. Ila alikuwa akikaa jikoni peke yake, midomo inacheza kana kwamba anaongea na mtu aliyeketi mbele yake, na nikiingia ananyamaza. Naamini alikuwa anamweleza dada yale aliyoshindwa kumweleza. Nililiogopa jiko letu mpaka nikaolewa.

Sasa naishi Mikumi, kando ya barabara kuu. Wajukuu zangu wanafundishwa shuleni habari za miili yao, kwa picha na majina yake kamili, na msichana aliyezaa anaruhusiwa kurudi darasani. Nashukuru, tena sana. Binti zangu niliwafunda mwenyewe, ulimi mzito, na majirani wakasema sina haya. Waseme tu. Lakini mwezi uliopita mjukuu wangu wa darasa la tano alisimama mlangoni akaniuliza, “Bibi, mtu mzima akinishika na mimi sitaki, nimwambie nani?” “Niambie mimi,” nikasema. Akataja jina la jirani, mtu niliyemheshimu, mtu wa kula kwangu. Nilijitanda khanga, nikamshika mjukuu mkono, tukaenda dawati la jinsia pale kituo cha polisi mchana uleule. Njia nzima alikuwa anaongea, nami nikamwacha aongee.