Siku Nilipopanda Bamba na Mawe Mfukoni

Baba yangu mdogo alikuwa na tabia moja msimu wa pamba, kwamba kabla ya kupeleka gunia kwenye gulio anatumbukiza jiwe katikati, anashindilia, anashona mdomo vizuri, na karani akisoma mizani yeye anaangalia pembeni kama anayetafuta mbuzi wake. Hiyo ilikuwa ng'ambo ya Kigongo, upande wa Busisi, nilikokulia (mama yangu mwenyewe aliolewa kwa fedha za pamba, lakini hayo tuyaache). Shule sikusoma sana, ila kwa baba mdogo nilijifunza kwamba kitu chochote kinachopima kinapenda uzito, na hilo ndilo lililoniaibisha uzeeni mbele ya watu wa Mkolani, wivu wangu ukinisukuma.

Wivu wenyewe ulikuwa wa mjukuu. Kabula ni mtoto wa mwanangu wa kwanza, anacheza besiboli, na akirusha ule mpira wao mdogo mgumu, anayeudaka anapuliza kiganja. Kurusha nilimfundisha mimi, tukilinda mpunga, tukifukuza ndege kwa mabonge ya udongo. Sasa babu yake mzaa mama, Mzee Magesa, Mjita mmoja mnene, fundi cherehani wa pale Mkuyuni, akaanza kuwatangazia wateja wake kwamba mkono ule ni wa ukoo wao, eti yeye ujanani aliangusha mapera ya misheni kwa jiwe moja. Nilikosa usingizi. Mtu akinichukulia ng'ombe naweza kumsamehe, lakini mkono wa Kabula!

Basi wageni wakaleta mitambo ya kupima warushaji kwenye uwanja wa shule pale Mkolani, Kabula anapofanyia mazoezi, na sisi wazee tukaalikwa. Kulikuwa na kamera juu ya milingoti kuzunguka pande zote, na bamba la chuma limelazwa sawa na ardhi, mrushaji analikanyaga, na nguvu ya mguu wake inachorwa mstari kwenye runinga. Kocha wao, Deo, akatueleza kwamba zamani mchezaji alibandikwa vidude mwili mzima kama ng'ombe mwenye kupe, lakini hizi kamera zinamwona hivyo hivyo alivyo. Kabula akarusha, na kwenye runinga ikatokea mifupa mitupu ya rangi inayorusha kama yeye, mpaka ule mkogo wake wa shingo. Nilitaka kulia.

Magesa akaniwahi. "Kocha, hiyo mashine si iseme mkono umetoka kwa babu yupi?"

"Haijui ukoo, mzee," Deo akacheka, "ila naweza kuweka mrusho wako juu ya wake tuone vinavyofanana."

"Niweke!"

Akapanda kwenye bamba, na mstari kwenye runinga ukapaa, watu wakapiga vigelegele. Deo akawa anaeleza kwamba mashindano siyo ya uzito, kinachotazamwa ni jinsi mguu unavyoisukuma ardhi, nikamsikia nusu, kwa sababu macho yalikuwa kwa Kabula anayempigia makofi yule mnene. Nikaona hii ni mizani tu, na mimi ni mwembamba kama fito. Nikaenda nyuma ya banda kama mtu aliyebanwa na haja (mawe Mwanza hayatafutwi, yanakutafuta), nikajaza mifuko yote ya koti langu la sikukuu.

Niliporudi Deo akasema, "Babu, vua koti, kamera zione viungo."

"Nina kifua," nikamwambia, nikakohoa.

Nikapanda. Mstari ukaruka, watu wakaguna.

"Mkwe, umekula nini leo?" akauliza Magesa.

"Ugali wa udaga wa muhogo," nikajibu, nimevimba kichwa.

Nikainua mguu kama enzi za mpunga, nikazungusha mkono, na koti nalo likazunguka kwa wakati wake, mfuko ukanigonga nyonga, mwili ukaenda nisikoutuma, mpira ukapiga bati la banda nyuma yangu, mfuko ukachanika, mawe yakaanza kudondoka kwenye bamba, ngo, ngo, na kila ngo mstari unaruka, nikaanguka, la mwisho nikalikalia mwenyewe. Nikadhani aibu imeisha. Kumbe runinga inarudia yote, tena polepole.

"Kocha," Magesa akapaza sauti, "hebu irudishe pale mkwe anapotaga!"

Wakairudisha. Kabula alicheka mpaka akaegemea bega la Magesa. Mawe sikuyajali tena, nilikuwa naliangalia lile bega.

Deo peke yake hakucheka, alikuwa amesogea karibu na runinga. "Nyamazeni kidogo. Miguu imeharibika, lakini huu mkono kabla hajayumba... Babu, vua koti urudie mara moja tu."

"Rudia, babu!" Kabula akanijia anafuta machozi ya kicheko. "Vua koti!"

Nikavua. Wote wakasogea wakidhani narusha. Nikaliweka chini pale pale kwenye bamba na mawe yaliyobaki, na ule mstari ukabaki umeinuka kidogo, unalipima koti. (Baadaye Kabula aliniletea hilo koti, Magesa ameshona mifuko yote ikazibwa kabisa, uzi imara, kazi safi, na nalivaa hivyo hivyo.) Sitapanda tena kitu chenye waya, na mkono ule ni wa nani haijulikani mpaka leo, kwa kuwa aliyekataa kuonyesha, kwa uchungu wa lile bega, ni mimi.

"Babu, unakwenda wapi?" Kabula aliniita.

Nikapita getini, nikashika barabara ya nyumbani na shati langu, na uwanjani pale sijarudi.