Jicho Lililosafiri kwa Barafu

Nilitumwa hospitali ya Endulen kuchukua jicho. Mwanzoni mwa miaka ya themanini maabara yetu ya Arusha ilikuwa ikijaribu unga mmoja mweupe unaonuka kama yai viza, kemikali ya aina ile inayonyang'anya vitu vingine oksijeni. Tulitaka kujua kama unaua saratani ya macho ya watoto, lakini seli hai za kujaribia hatukuwa nazo. Daktari wetu akasikia kuna mtoto kule atakayetolewa jicho, akanifungia sanduku la barafu.

Karatu tulifika mchana, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Dizeli siku hizo ilikuwa ya kubembeleza, na dereva wangu wa kukodi, Tluway, Mmbulu wa Endamarariek, aliibembeleza kwa jamaa zake. Tukapanda ukingo wa kreta ndani ya ukungu, tukateremka upande wa pili.

Endulen, asubuhi iliyofuata. Binti mdogo alikaa mapajani mwa mama yake. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba hadi nje. La kulia lilionekana zima, ila likipigwa na mwanga liling'aa jeupe. Weupe ule ndio mwanzo wa ugonjwa. Daktari wa pale alikwisha kuwaambia wazazi: yatolewe yote mawili, ama sivyo mtoto atakufa.

Baba yake, mfugaji wa Kakesio, alilitazama sanduku langu.

“Chukua hii moja imeharibika. Hii ingine itangoja dawa yako.”

“Baba, dawa sina. Tunajaribu kwenye chupa tu. Usingoje.”

“Bwana mifugo pia alisema hana. Alichukua damu ya ng'ombe yangu, akaenda. Akarudi na sindano, ng'ombe ikapona.”

“Huyu si ng'ombe, baba!”

“Ndiyo. Kwa hiyo wewe utarudi mbio.”

Nilimsihi, daktari naye akamsihi. Hakubadilika. Jicho moja likatolewa. Tulipokuwa tukiondoka, mama alilitemea sanduku mate kidogo, ndivyo kwao wanavyobariki. Nilipanda gari nikilia.

Arusha, unga uliziua seli za jicho lile. Uliua na seli zisizo na ugonjwa tulizoweka kando, basi haukufaa kuchomwa mtu.

Masika yalipokwisha, Tluway, aliyekuwa amepita tena Endulen, alikuja mjini kutafuta spea, akapitia maabara.

“Yule mtoto amefariki, ndugu yangu. Baba yake alikuwa bado anakungoja. Na kwao mtu akishazikwa, jina lake halitajwi tena.”

Kusema kweli hakutoshi, nilijifunza hivyo, mbele ya mtu aliyewahi kuletewa sindano ikaponya.

Lakini sehemu ya seli tulikuwa tumeitunza bila kuitia unga, nazo zilikuwa hai chupani, zinaongezeka ndani ya maji ya kuzilisha. Daktari wetu huziita chupa za seli kwa majina ya wagonjwa. Kesho yake aliingia akivaa koti, akamtaja mtoto kwa jina lake, akauliza ameamkaje.

“Ameamka salama,” nikajibu, nikaenda kumbadilishia maji.