Juu ya Bundi

Niliolewa na mwanamume aliyekuwa na mke tayari, na mke huyo alikuwa ndege. Sasa nacheka nikisema hivyo, lakini mwaka wa kwanza nililia. Mume wangu Mithika akisikia mngurumo angani aliacha chakula, akatoka mbio hadi uani, akakodoa macho juu mpaka sauti iishe.

Ugonjwa huo aliupata utotoni huko Timau, kwenye shamba la ngano la mzungu mmoja mwenye ndege ndogo, ambako baba yake alikuwa kibarua. Mithika alikuwa akiwatoroka ng'ombe aliopewa kuchunga, akienda kusaidia kuisukuma ndege itoke bandani. Mdogo wake, Bundi, ndiye aliyechunga zamu zote mbili, na ng'ombe wakiingia kwenye ngano ndiye aliyechapwa. Hakuwahi kumtaja kaka yake.

Hali ya hatari ilipotangazwa, Bundi aliingia msituni kupigana na wakoloni. Sisi tulihamishiwa kijiji kilichozungushiwa mtaro na walinzi. Mabomu yakilia mlimani, Mithika alimhofia ndugu yake, kisha akatoka nje kuangalia ni ndege ya aina gani. Sikujua nimhurumie au nimpige kwa mwiko.

Siku moja afisa alikuja kutafuta mtu wa kupanda ndege na kusema Kimeru kwa kipaza sauti, awaite waliomo msituni wajisalimishe. Mithika alikubali kabla hajamaliza kuulizwa.

"Baba Karambu," nikamwuliza, "unaenda juu ya Bundi ama juu ya ndege?"

"Juu ya Bundi. Na usiniulize tena hiyo maneno."

Tulimsikia tukiwa shambani. "Bundi! Bundi wa Salesio! Toka, mama anakungojea!" Majembe yote yalisimama. Mwanamke mmoja alitema mate karibu na miguu yangu. Wawira, jirani yangu, aliniomba kwa siri Mithika amwite na mwanawe aliyekuwa huko msituni. Mama mkwe alikuwa akilia. Mimi nilisikia fahari na aibu kwa pamoja, nikakosa pa kuuweka uso wangu.

Jioni alirudi akinuka petroli, macho yakimng'aa. "Hakutoka," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyekosa kitu. Nilipomwekea chakula, akaangua kilio. Nilimwuliza analia nini, akasema hajui.

Alipanda hivyo karibu mwaka mzima. Bundi hakutoka. Walimkamata baadaye, ndege za kuita zilipokuwa zimekwisha, vidole vya mguu mmoja vimeozeshwa na baridi, wakampeleka kizuizini. Mithika naye akapata kazi kwenye kiwanja kidogo cha ndege: kufukuza mbuzi, kujaza mafuta, kutundika ile soksi ya kuonyesha upepo. Hiyo ndiyo kazi aliyozeekea.

Bundi aliachiliwa mwaka wa hamsini na tisa. Nilimpikia mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi na mboga, akala kama kawaida. Aliyeshindwa kula ni kaka yake.

"Kwani haukuwa unanisikia?" Mithika akamwuliza.

"Nilikuwa nasikia vizuri sana. Hata ile siku ulikuwa na homa nilijua."

"Sasa mbona haukutoka? Ningekuombea kwa wale wakubwa."

Bundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Na ningetoka, ndugu yangu, wangekupandisha ndege uite nani?"

Nilidhani ni mzaha, nikacheka, kisha nikaona nacheka peke yangu. Nilimkasirikia Bundi kwa upumbavu huo, nikamkasirikia mume wangu, halafu sikujua tena nimkasirikie nani.

Wakati huohuo ndege ikapita juu ya nyumba. Mithika hakuinua kichwa. Bundi ndiye aliyeinuka, akatoka nje akiburuta ule mguu, akaitazama mpaka ikapotea, kisha akarudi kumwambia kaka yake imeelekea wapi.