Bi Verdell Alivyomfuta Mjukuu Wake

Naitwa Cleophus Gantt, na kwenye jengo letu hapa Akron wananiita Wakili. Nimeendesha basi la mji miaka ishirini na nane. Sheria niliyosomea ni zile wiki mbili za mwaka tisini na moja, nilipoitwa mahakamani kuwa mmoja wa wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi. Jamaa alishtakiwa kwa kuiba mashine ya kukatia nyasi. Tulimwachia. Tangu hapo sijaona karatasi ya serikali nikakosa la kusema. Nayatanguliza haya ili ujue mapema wa kumlaani ni nani.

Habari yenyewe ni ya Bi Verdell Mabry, wa nyumba namba mia nne na mbili. Miaka thelathini na mmoja alipika kwenye jiko la shule ya msingi, na bado watu wazima wenye ndevu wanamwamkia barabarani kwa adabu, kwa sababu aliwahi kuwanyima maziwa ya chokoleti. Ana miaka sabini na mitatu, magoti mabovu, sukari, na macho ambayo siku hizi yanaona mlango lakini hayaoni namba ya mlango. Pai yake ya viazi vitamu imeshagombanisha mashemasi. Ila ana ugonjwa mmoja ambao hauna dawa: hajui kusema uongo. Ukimuuliza kama amependa kofia yako, atakwambia.

Alikuwa akiishi na mjukuu wake, Jonelle, aliyemlea tangu ana miaka mitatu. Sasa binti ana ishirini. Mchana anawaogesha na kuwalisha wazee wa watu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, jioni anasomea uuguzi. Na asubuhi na jioni, kabla ya yote hayo, anamchoma bibi yake sindano ya sukari, maana Bi Verdell mwenyewe haoni tena vistari vya bomba. Kumbuka hiyo sindano. Sisi wenye akili tuliisahau.

Jengo letu ni la watu wa kipato kidogo. Serikali inalipa sehemu ya kodi, wewe unalipa sehemu yako: kati ya kila dola mia zinazoingia nyumbani, unatoa thelathini. Gharama za dawa zinaondolewa kwanza kabla ya kupiga hesabu. Kwa hiyo Bi Verdell alikuwa na kopo la biskuti lililojaa risiti za dawa, na kila mwaka alilibeba hadi ofisini kama anabeba sadaka.

Basi mwezi wa tatu tukaletewa barua. Ziliingizwa chini ya milango, kurasa saba, zimebanwa kwa pini moja iliyochoka. Hapa kwetu barua ya ofisi huisomi peke yako. Unashuka nayo chumba cha kufulia, unakaa juu ya mashine, unasubiri mwenye kujua. Mwenye kujua nikawa mimi.

Nikavaa miwani. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikasoma wa pili, wa tatu nikaurukaruka. Nikatoa hukumu. "Wanataka thelathini iwe thelathini na tano," nikawaambia. "Na risiti za dawa, kwaheri. Hawazihesabu tena."

Chumba kizima kikaguna. Bi Verdell akauliza, "Hata za insulini?"

"Hata za insulini, Bi Verdell. Lakini tulia. Nyumba zenye wazee watupu haziguswi. Inaguswa ile yenye mtu mzima mwenye nguvu za kufanya kazi."

Akakunja upya taulo lililokwisha kukunjwa. "Jonelle ana nguvu," akasema.

"Ndiyo hivyo. Jonelle ndiye anayekuponza."

Nikashuka kwenye mashine, nikamvuta kando, nikampa ushauri ambao hakuuomba. Nikamwambia amtoe binti kwenye mkataba kabla sheria haijafika. Ajaze fomu, aseme anaishi peke yake. "Ni karatasi tu, mama. Binti atalala chumbani kwake kama kawaida. Nani atakuja kuhesabu miswaki?"

Huko ndiko nilikofanya ujinga. Nilimpa ushauri wa mwongo mtu asiyejua kudanganya.

Jioni ile nilikuwa mia nne na mbili nakula sukuma na mkate wa mahindi, malipo yangu ya uwakili, Jonelle aliporudi. Bi Verdell hakuzunguka. "Mjukuu wangu, itabidi uhame."

Jonelle akacheka, akavua viatu. Akaona bibi yake hacheki. "Nihame niende wapi, Bibi?"

"Kwa yule rafiki yako wa kazini, mwenye chumba cha chini huko Barberton. Nimeshaongea na mama yake."

"Umeshaongea na mama yake." Akanigeukia mimi. "Mzee Gantt, hii ni kazi yako?"

Nikajaza mkate mdomoni. Nilipomeza nikamweleza Bi Verdell kwamba si lazima mtoto ahame kweli, ndiyo maana ya kuitwa karatasi. Akanitazama vile alivyokuwa akiwatazama watoto walioficha brokoli mfukoni.

"Nikiandika hayupo, basi hayupo," akasema. "Siweki jina langu chini ya uongo."

"Na sindano?" Jonelle akauliza.

"Utakuja. Barberton si mwezini."

"Mabasi mawili, Bibi. Asubuhi mabasi mawili, jioni mabasi mawili. Unanifukuza kwa sababu ya barua aliyoisoma Mzee Gantt?"

"Sikufukuzi. Nakufuta kwenye karatasi tu," akasema Bi Verdell. Kulia hakulia, ila aliinuka akaanza kuosha sahani yangu wakati bado nakula.

Jonelle alihama Jumamosi na mifuko minne ya nguo.

Ofisini kwetu, bomba la maji likivuja utasubiri wiki tatu. Mwaka jana lifti ilikaa siku arobaini bila kwenda, nikadhani imestaafu. Lakini fomu ya kumpunguza mtu, jamani, iliisha siku hiyohiyo. Msimamizi, Bi Stroud, mwanamke wa tabasamu na kucha ndefu, aliipiga mhuri Bi Verdell akiwa bado amesimama. Hata kalamu alimwazima.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya pili. Hii ilikuwa ya ukurasa mmoja, na haikuhitaji wakili. Ilisema Bi Verdell Mabry ni mtu mmoja katika nyumba ya vyumba viwili, kinyume cha kanuni, na kwa hiyo anahamishiwa namba mia moja na saba, chumba kimoja, ghorofa ya chini, jirani na chumba cha takataka. Ana siku thelathini.

Nilivaa tai. Nikamsindikiza ofisini na kopo lake la biskuti, maana alikataa kuliacha. Njiani nilikuwa natunga hotuba. Nilikuwa na maneno kama "haki" na "ubinadamu" yamejipanga vizuri. Bi Stroud akatukaribisha viti, akauliza hali ya magoti.

"Tumekuja kuhusu ile sheria mpya," nikaanza, na kifua mbele.

"Sheria ipi?"

"Ya thelathini na tano. Ya wazee watupu."

Akafungua macho kama mtu aliyeulizwa habari za mjomba aliyekufa zamani. "Ile? Ile si sheria, Bwana Gantt. Ni pendekezo. Halijapita. Huenda likapita, huenda lisipite, wanabishana huko Washington. Mlikaribishwa kutoa maoni. Ukurasa wa sita."

Ukurasa wa sita. Mimi niliishia wa tatu.

Bi Verdell hakunitazama. Aliuliza swali moja tu: "Basi naweza kumrudisha mjukuu wangu kwenye mkataba?"

"Bila shaka," akasema Bi Stroud, na tabasamu likapanda. "Anaomba upya. Tunachunguza rekodi zake, tunathibitisha mshahara wake, kisha anaingia kwenye orodha ya wanaongojea. Kwa sababu chumba kimoja hakiruhusu watu wazima wawili, itabidi mngojee cha vyumba viwili."

"Nilikuwa nacho cha vyumba viwili."

"Ulikuwa nacho, mama. Sasa kina familia inayokuja mwezi ujao."

"Orodha ni muda gani?"

"Miaka minne. Mitano." Akashusha sauti kidogo, na nakiri kwamba hapo alionekana kuona aibu. "Ungeniuliza kwanza, Bi Mabry. Fomu ukiileta mimi kazi yangu ni kuipiga mhuri."

"Nilimuuliza huyu," akasema Bi Verdell. Ndiyo tusi pekee alilonitukana katika jambo hili lote, na wala halikuwa tusi. Hotuba yangu niliirudisha nyumbani nzima, sikuitumia hata neno moja.

Tulimhamisha. Mimi nilibeba makochi, na mgongo wangu bado unanidai. Kutoka dirisha la mia nne na mbili alikuwa anaona kanisa lake. Kutoka mia moja na saba anaona lori la taka, Jumatatu na Ijumaa. Aliweka pazia zito, akasema kanisa analijua lilipo.

Sasa kuna kanuni ya wageni, na hiyo si pendekezo, hiyo ipo tangu enzi za babu zetu. Kila anayeingia anasaini daftari pale mapokezi. Mgeni haruhusiwi kulala zaidi ya siku kumi na nne kwa mwaka. Akizidisha, anahesabiwa anaishi humo kwa siri, na mpangaji aliyemkaribisha anaweza kutolewa. Daftari linashikwa na wapangaji wenyewe kwa zamu, malipo kahawa. Jumanne na Alhamisi ni zamu yangu.

Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jonelle aliingia kutoka basi la pili, theluji kwenye mabega, nami nikamsukumia daftari. Jina. Nyumba anayotembelea. Uhusiano. Sababu ya kuja. Mara ya kwanza, kwenye sababu, aliandika "Nimerudi nyumbani." Nikamwambia kwa upole kwamba ofisi haitaikubali hiyo. Akaikata kwa mstari mmoja, akaandika "Sindano."

"Nimepatia, Wakili?" akaniuliza. Yeye peke yake ndiye anayeniita hilo jina kwa kejeli ninayoistahili.

Zile siku kumi na nne zilianza kuliwa wakati wa baridi. Bi Verdell sukari yake ilishaanza tabia ya kushuka ghafla akiwa usingizini, na daktari alisema asilale peke yake mpaka dawa zibadilishwe. Binti akalala kitini, sita Januari, nane Februari. Zilizoangukia zamu yangu nilikuwa naziandika mwenyewe. Sijawahi kuchukia hesabu kama nilivyozichukia zile, na nilipokuwa dereva nilihesabu sarafu za watu walionitemea mate.

Alhamisi ya kwanza ya Machi nilikuwa pale mezani na kahawa yangu. Barua mpya zilikuwa zimefika, rundo zima, nami nilikuwa sijaigusa hata moja. Mlango wa mia moja na saba ukafunguka. Bi Verdell akatoka na kandambili za manyoya na kanzu ya kulalia, anashika ukuta, Jonelle nyuma yake na sare ya kazi iliyokunjamana, anasema kwa kunong'ona, "Bibi, rudi. Bibi, nakuomba."

Bi Verdell akafika mezani, akapapasa mpaka akalipata daftari, akaligonga kwa kidole.

"Andika, Cleophus. Jonelle amelala kwangu jana. Nilianguka bafuni, sukari ilikuwa imeshuka. Hakuniacha."

"Bi Verdell, hiyo ni ya kumi na tano."

"Najua kuhesabu. Andika."

"Watakutoa."

"Basi watanitoa kwa ukweli. Uongo sijauishi miaka sabini na minne, siuanzi leo kwa ajili ya chumba kinachonuka maganda. Andika. Si wewe ndiye unayejua sheria?"

Nikachukua kalamu. Jonelle alikuwa ameegemea ukuta amefumba macho, kama wanavyofanya wagonjwa wake wakisubiri kugeuzwa. Nikaandika taratibu, nikikwaruza karatasi kwa nguvu ili Bi Verdell asikie. Jonelle Mabry. Namba mia moja na saba. Mjukuu. Amefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa basi. Sindano.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Nikaweka kidole chini ya mstari, nikamsomea: "Jonelle Mabry, mjukuu, amelala, siku ya kumi na tano, bibi yake alianguka." Nilisoma kwa sauti ile niliyokuwa nikitangazia vituo.

Jonelle alifumbua macho. Akainama juu ya bega la bibi yake, akautazama ukurasa, akanitazama mimi. Kisha akachukua kalamu mkononi mwangu, akasaini mahali pake.

"Vizuri," akasema Bi Verdell. "Waje sasa." Akampa binti mkono, wakarudi polepole kuelekea chumba cha takataka, naye akaniambia bila kugeuka nipite Jumapili, ana pai.