Mvua ya Romanus na Mvua ya Mgahawani

Kwa miaka kumi na tisa Romanus Komba alipima mvua katika kituo cha Mshangano, na katika miaka yote hiyo hakubuni hata tone moja. Saa tatu kamili asubuhi, iwe Pasaka, iwe ana homa, alikiendea kipimamvua, akamimina maji kwenye chupa yenye mistari, akasoma, akaandika. Mkewe, Edna, hakuacha kulalamika kwamba hata uchungu wa kujifungua ulipomshika, mume alimwomba avumilie kidogo mpaka saa tatu ipite.

Wapimaji wa vituo vitatu vya jirani walikuwa watu wa raha zao. Kila mwisho wa mwezi, wakija Songea mjini kuwasilisha fomu, walikutana kwenye mgahawa karibu na stendi, wakaagiza chai na chapati, wakajaza mvua ya siku thelathini kwa kikao kimoja. Daimu, mwenye mwandiko mzuri, ndiye aliyekuwa akitaja namba. Wengine walipunguza milimita moja hapa, wakaongeza mbili pale, isije ikaonekana wameigana.

"Karibu ukae, Mzee Romanus," Daimu alimwambia. "Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Kwani atakuja kuikagua?"

Romanus hakukaa. Hata chai yao hakuionja.

Mwaka 1995, watu wakipunguzwa kazini kila idara, mradi mmoja wa wafadhili ulileta kompyuta, pamoja na mtambo unaopima mvua wenyewe bila mtu. Mtambo ulisimikwa hatua tano tu kutoka kipimamvua cha Romanus. Bwana Brayson, mtaalamu wa mradi kutoka Dar es Salaam, alitangaza kwamba madaftari yote ya zamani yataingizwa kwenye kompyuta, nayo itavifichua vituo vya uongo. Mpimaji asiyeaminika atapunguzwa. Romanus alifurahi kama mtoto. Aliona siku yake imefika.

Kompyuta ilikilinganisha kila kituo na majirani zake. Vituo vitatu vilipatana vizuri ajabu. Kimoja kilipingana na vyote, mwaka baada ya mwaka.

"Shikamoo, Mzee," Brayson alisema kwa upole wa mtu aliyebeba habari mbaya. "Takwimu zako zina walakini."

"Marahaba. Wale wenzangu hawapimi, mwanangu. Wanajazia mgahawani."

"Mzee, kompyuta haisikilizi fitina."

"Basi uulizeni mtambo wenu!"

Wakauuliza. Msimu mzima mtambo ulikuwa umesoma vilevile alivyosoma Romanus, wakipishana kwa nukta tu. Brayson aliikagua mara mbili karatasi yenye namba za mtambo. Hakuwa mjinga, alikuwa na haraka ya kumaliza ripoti. Akaandika kwamba mtambo nao ni mbovu. Daimu alipewa cheti, na kituo chake kikafanywa cha mfano kwa mkoa mzima.

Romanus alirudi nyumbani na barua mfukoni, moyo ukimuuma kuliko alivyowahi kuumwa na kitu chochote. Edna alikuwa uani anapepeta mahindi.

"Wamesemaje?"

"Tumeharibika wote wawili, mimi na mtambo wao."

"Eti nini? Sasa itakuwaje?"

"Mwenzangu anapelekwa Ulaya kutengenezwa."

Edna aliweka ungo chini. "Na wewe?"

Romanus alimpa barua asome mwenyewe.