Nyumba Isiyo na Kizingiti

Mama yangu alizikwa chini ya kilima cha Bihambwe, na baba yangu hakumzika. Alibaki ndani, kwenye kiti chake karibu na moto, akizisikiliza nyimbo za kanisa zikishuka mteremko bila yeye. Miguu yake ilikuwa imekufa tangu mkaratusi ulipomwangukia mgongoni akipasua mbao, na kwetu mvua ikinyesha hata mbuzi huteleza.

Vijana wa kanisa walikuja na tipoyi, kile kiti cha miti kinachobebwa mabegani. Baba alikitazama, akageuza uso. Ujanani mwake, enzi za Wabelgiji, alikuwa mbebaji wa tipoyi, kilima hata kilima, na mzungu huko juu akisinzia. "Mwenye kubebwa ni maiti ao ni muzungu," alisema. "Miye siko maiti, siko muzungu." Basi tukamwambia, kwa heshima kabisa, "Papa, ubakie. Tutafanya yote."

Tuliporudi, watu wakinawa mikono ili wale maharagwe, alituuliza, "Mulimulaza kichwa upande gani?"

Kaka yangu akasema upande wa mlima. Mimi, papo hapo, nikasema upande wa mto. Tukatazamana. Baba alichukua kijiti, akaanza kusogeza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu. Niliona haya mpaka chakula kikanishinda.

Tangu siku ile sikutulia. Nilikuwa nimeolewa Kibua, upande wa Walikale, na kila mara nilipata sababu ya kupanda Bihambwe: mbegu, sabuni, mtoto wa kaka anakohoa. Mume wangu alinitania kwamba ameoa njia, hakuoa mwanamke. Nikifika, nilimkuta baba palepale ndani kabisa, mahali pa wakubwa, penye joto, mgongo umeelekea ukuta. Nyumba zetu za milimani huwa hivyo: anayeheshimiwa huketi mbali na mlango. Wageni waliingia, wakamsalimu kwa mikono miwili, wakatoka. Yeye hakutoka. Mlangoni palikuwa na kizingiti, gogo nene lililofika magotini, la kuzuia maji na kuku. Nje ya kizingiti palianza mteremko.

Tena miaka ile ya kwanza ya uhuru milima haikuwa na usingizi. Leo ni maneno ya mipaka ya shamba, kesho unasikia jamaa fulani wamehama na sufuria zao. Watu waliacha kupanda migomba mipya, kwa maana nani alijua ataila? Siku moja nikamwambia kaka yangu pale uani, baba akisikia, maana nilitaka asikie:

"Tukikimbia, Papa atafanya nini?"

"Tutamubeba."

"Alikataa kubebwa kwenda kuzika bibi yake, mama yetu. Atakubali kubebwa sababu ya woga wako?"

Kaka yangu alikasirika, na ana haki. Ndiye aliyekuwa akimlisha kila siku, mimi nilikuja na mdomo tu. Akasema, "Dada, kama uko na akili nyingi, utafute nyumba Papa atatoka yeye mwenyewe, bila muntu kumushika. Ukiipata, umuchukue. Ukikosa, unyamaze."

Ndani, baba alikohoa. Kisha akasema, taratibu, "Aitafute."

Nikatafuta. Kibua ilikuwa na nyumba kadhaa zilizoachwa na waliohama, na mimi nilizipima kwa njia yangu. Niliketi chini nje ya mlango, nikanyoosha miguu kama iliyokufa, nikajivuta kwa mikono kuingia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka kikwembe changu kikachanika nyuma. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walisimama kunitazama. Mmoja akamwita mume wangu kuja kumchukua mkewe. Nyumba ya kwanza ilikuwa na ngazi. Ya pili, iliyokuwa na sakafu ya sementi na iliyosifiwa na kila mtu, ilinichubua viganja kabla sijafika katikati ya chumba. Ya tatu mlango wake ulikuwa mwembamba hata nikakwama mabega, na zote, hata zile mbovu zisizo na ukuta mmoja, zilikuwa na kizingiti. Nilirudi nyumbani nimejaa udongo na hasira.

Mume wangu, ambaye hana maneno mengi, alinionyesha kipande cha uwanja kando ya shamba letu, mahali pa tambarare karibu na njia. "Tujenge," akasema.

Mafundi walikuwa wawili, watu wa Masisi, milima ya kwetu, kama mimi, hodari wa miti na udongo. Niliwaeleza mpaka wakachoka kunisikiliza. Sakafu iwe ya udongo uliopigwa ukalainika. Dirisha liwe chini, mtu aliyeketi chini aone njia. Toka mlangoni mpaka chooni pawe na mti wa kushikia, chini chini. Juu ya yote, mlango usiwe na kizingiti.

Jirani yetu, mzee mchekeshaji aliyeishi na mkewe ng'ambo ya njia, alikuja kila asubuhi kukagua kazi isiyokuwa yake. "Nyumba bila kizingiti!" alisema. "Mvua itaingia bila kupiga hodi. Mbuzi watalala ku kitanda ya muzee." Mkewe alimvuta mkono wakaondoka, akiniomba radhi kwa macho. Huyo mama alikuwa mtu mwema. Aliniletea viazi vitamu siku ambazo sikupata nafasi ya kupika.

Siku ya kumaliza, nilirudi kutoka shambani nikakuta mafundi wanafagia, nyumba imesimama, mlango umekaa sawasawa, na chini ya mlango gogo. Nene, jipya, limechongwa vizuri.

"Hii ni nini?"

Walilitazama kana kwamba lilijileta lenyewe. Mkubwa wao akavua kofia. "Mama, unisamehe. Mikono njo ilifanya yenyewe. Sisi tulikuwa naongea tu habari ya mvua."

Niliamini, na kwa kuamini nikazidi kukasirika. Wale watu hawakunidharau hata kidogo. Walikuwa wamejenga nyumba tangu utoto, na mikono yao ilijua kwamba nyumba iliyokwisha ina kizingiti. Nilichukua shoka nikalipiga lile gogo mwenyewe, vipande vikiruka, na jirani yetu kule ng'ambo akicheka hadi kukaa chini. Lakini maji nayo ni maji. Jioni ile mafundi, kwa aibu, walichimba mfereji upande wa juu wa uwanja, wakaufunika kwa mianzi pale unapokata njia ya mlangoni, wakainua udongo wa nje ukashuka polepole kuiacha nyumba. Mvua ya kwanza ilipokuja nilisimama mlangoni nikiitisha vita. Maji yalikuja, yakazunguka, yakaenda zake.

Baba alikubali kushuka kwa kamio, lori la kubeba mbao, lililosogezwa mpaka mlangoni. Dereva alimnyanyua kumweka kwenye kiti cha mbele, naye akaruhusu. "Kamio haina mabega," alinieleza baadaye.

Mwanzoni nilifurahi. Kisha furaha ikaanza kuniwasha. Kwa sababu baba hakutoka. Alijivuta mpaka mlangoni, pale ambapo gogo lingekuwa, akaketi. Aliwatazama wapita njia, akaongea na jirani, aliyegeuka rafiki yake wa kucheka naye, akarudi ndani. Kesho yake vilevile. Nilijikuta nikimchungulia toka shambani, jembe mkononi, mistari ya maharagwe ikienda kombo. Je, nilimtoa kwa mwanawe, nikamwekea mlango, ili akae mlangoni? Nilimwambia, "Papa, choo iko pale, uwanja iko pale, juu ya nini hautoke?"

"Niko nafundisha mikono," akajibu.

Nilidhani ni dhihaka. Alikuwa ameomba kipande cha ngozi ya ng'ombe, akakikata, kipande kikubwa akajifunga makalioni, vidogo viwili viganjani. Akavishona na kuvifumua. Sikumsaidia. Nilikuwa nimenuna.

Halafu mama yule wa ng'ambo alifariki. Homa ilimkamata, hakuinuka tena. Nilisikia kilio nikiwa shamba la mbali, nikatupa jembe, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia baba. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Maneno niliyopanga, nayakumbuka vizuri, yalikuwa: Papa, ubakie, nitakwenda kwa niaba yako.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu.

Nilipiga kelele, nikazunguka nyumba, nikaangalia chooni. Ndipo nikaona matope. Toka mlangoni, juu ya mianzi ya mfereji, ulikwenda mburuzo mpana, na kila upande alama za mikono. Mahali pengine palikuwa pamechimbika. Hapo alianguka ubavu. Mbele mburuzo ukaendelea. Nilifuata mpaka ng'ambo ya njia.

Alikuwa ameketi kwenye moto wa wanaume, matope mpaka kifuani, bega kwa bega na mfiwa. Nikainama nikamnong'oneza, "Papa, juu ya nini hukuniita?"

"Ningekuita, mungenibeba."

Vijana waliponyanyua jeneza, mmoja alimtazama baba, akafungua kinywa, nikamkanyaga mguu. Baba akafuata. Mfiwa alikataa kumwacha nyuma, akatembea pole kando yake, na wote tukatembea pole, tukiimba ule wimbo tena na tena kwa sababu uliisha kabla hatujafika. Makaburi hayakuwa mbali, lakini sijaiona njia ndefu kama ile. Mara mbili mikono yangu iliinuka yenyewe kumshika. Niliifunga ndani ya kikwembe.

Pale kaburini watu walimpisha, akafika ukingoni kabisa, akaegemea mikono yake, akatazama chini jinsi mama yule alivyolazwa, mpaka mwisho.

Tulirudi jua likielekea kuzama. Nilimchotea maji, nikakaa kumwosha matope mikononi. Ile ngozi ya ng'ombe ilikuwa imetoboka, viganja vinatoka damu. Alikuwa anatazama upande wa Bihambwe, ambako kutoka kwetu hakuonekani.

"Kichwa yake iko upande wa mulima," aliniambia, bila mimi kumuuliza. "Nimeona."